Usafi wa Kisima Namba Nne

Watu wengi hushtuka wakikuta maji machafu. Mama Pua alishtuka alipokuta maji safi.

Jina hilo hakupewa na mamake. Alipewa na wenzake wa dampo la halmashauri, mwaka wake wa kwanza kazini, walipomwona ananusa chai kabla ya kunywa, ananusa wino kabla ya kutia sahihi, na siku moja anainusa barua ya kupandishwa cheo akitafuta ilikoharibikia. Na kweli ilikuwa imeharibika: cheo kilikuwa cha mtu mwingine, mpelekaji alikosea mlango. Mumewe, fundi cherehani mpole asiye na haraka, huwaambia wageni kuwa siku ya kumposa alihojiwa saa mbili kamili, akaombwa wadhamini wawili, na mmoja akakataliwa. "Mpaka leo nikirudi na mkate," husema, "ananiuliza nimeununua wapi, halafu anaunusa kuona kama mkate una kauli moja na mimi."

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kuangalia kinachotoka chini ya dampo.

Maana dampo lililosanifiwa vizuri haliwi shimo tu, ingawa wenyeviti watatu wa halmashauri waliondoka madarakani wakiamini hivyo. Dampo ni sufuria kubwa. Chini kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa mpaka ukalia, juu yake plastiki nyeusi nene kama soli ya kiatu, na juu ya plastiki mabomba yenye matundu. Mvua ikinyesha inapita katikati ya taka, inachukua kila kitu kibaya inachokutana nacho, na kutua chini ikiwa nyeusi na chachu. Wafanyakazi waliiita mchuzi. Ni mchuzi usiolika, wenyewe ndio unaokula: unakula chuma, unakula mizizi, na ukipata mwanya unakwenda kula visima vya watu. Kwa hiyo kuna pampu, inayoufyonza usiku na mchana na kuupeleka kwenye bwawa la kusafishia.

Na kuna majasusi. Hilo ndilo jina Mama Pua alilovipa visima vinne vya uchunguzi vilivyozunguka dampo, kila kimoja bomba jembamba lililozamishwa ardhini, lenye mfuniko na kufuli. Namba moja kilikuwa juu ya kilima, upande ambao taka hazijawahi kufika, kionyeshe maji yalivyo kabla hayajakutana na maovu. Namba mbili na tatu vilikuwa pembeni. Namba nne kilikuwa chini kabisa, karibu na ua wa waya, na hatua mia mbili ng'ambo ya ua huo palikuwa na nyumba ya mdogo wake, yenye kisima uani. Watoto watano wa mdogo wake walikunywa humo, wakaogea humo, na wakarushiana maji ya humo.

Sasa dampo lilikuwa limejaa. Mlima wa taka ulikuwa umefunikwa kwa mfinyanzi, kisha kwa udongo, kisha kwa nyasi, na mabomba ya kutolea gesi yakachomoza juu kama watu waliozikwa wakiwa wamevaa kofia. Lakini kufunga dampo hakufanani na kufunga duka. Taka zikifunikwa zinaendelea kuoza, mchuzi unaendelea kutiririka, na mtu wa kuuangalia lazima abaki hata watu wakishausahau. Mchoro wa Injinia aliyelisanifu ulisema wazi: pampu haitazimwa mpaka namba nne kionyeshe maji safi kwa miaka mitatu mfululizo. Baadaye palikuwa na kikao chenye vitafunio vingi, na zilipofika sambusa za mwisho miaka mitatu ilikuwa imegeuka miezi mitatu.

Mama Pua alijua sababu. Kila mtu alijua. Mheshimiwa Mwenyekiti alikuwa anajenga chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi za halmashauri, na chemchemi ilikosa kitu kimoja tu. Pampu.

Miezi mitatu hiyo ilianza wiki ileile Mama Pua alipovunjika mguu. Aliteleza bafuni kwake, mahali palepale alipokuwa akiwaonya wenzake kila siku wasiteleze. Halmashauri ikamleta Mtaalamu ashike nafasi yake: kijana mwenye viatu vyeupe na kompyuta ya mkononi, aliyezungumza kama mtu anayesoma tangazo.

Alhamisi aliporudi kazini, akichechemea na fimbo, alikuta kila mtu anamsalimia vizuri kupita kiasi. Hilo lilitosha kumwamsha. Mhasibu, ambaye miaka yote humwitikia kwa kidevu, alisimama akampa kiti. Mama Pua alikinusa kile kiti.

"Mama, kesho ndiyo kesho," alisema mhasibu. "Cheti cha kufunga kinasainiwa. Mwenyekiti atakunywa glasi ya maji ya namba nne mbele ya kamera."

"Atakunywa nini?"

"Maji. Ni safi, mama. Soma mwenyewe."

Alisoma. Chumvi ya namba moja, kule juu ambako hakuna taka: arobaini, kama miaka yote. Chumvi ya namba nne, chini ya mlima wa uchafu wa mji mzima: kumi na mbili. Mwezi wa kwanza kumi na mbili, wa pili kumi na mbili, wa tatu kumi na mbili.

Aliliweka jalada mezani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mwanangu," alimwambia mhasibu, "umewahi kuona mtu akapita ndani ya tope akatoka msafi kuliko alivyoingia?"

"Kwenye siasa, mama."

"Hii ni kemia."

Kwa saa nzima aliwashuku watu kwa zamu. Alianza na Mtaalamu, huenda anapika namba. Akaja kwa Injinia, aliyekubali miaka iwe miezi, huenda anaficha tundu la plastiki. Mama Pua hakusahau kwamba miaka kumi na moja iliyopita katapila lililia vibaya upande wa chini wa dampo, na dereva akafukia haraka kabla hajaulizwa. Akamshuku Mwenyekiti, kwa desturi. Akamshuku hata mumewe, maana ndiye aliyepiga deki bafuni siku ile, kisha akamsamehe. Mwishowe alikwenda kwenye bomba la maji ya kunywa la ofisini, akakinga chupa, akaipeleka maabara, akapima mwenyewe.

Kumi na mbili.

Basi namba hazikupikwa. Maji ya namba nne yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba hayaendi kwa jirani bila kubebwa.

Alishuka hadi namba nne, fimbo ikizama vumbini. Ulikuwa mwezi wa tano bila tone la mvua. Mlima wote ulikuwa na rangi ya gunia. Lakini kukizunguka kisima namba nne palikuwa na duara la nyasi za kijani, changa, nono, kama kola ya shati jipya. Mama Pua aliinama akagusa. Tope. Na juu ya tope alama za mraba za vitako vya madumu, na mstari wa gurudumu la toroli ukienda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mlinzi, penye bomba.

Nyuma ya kibanda yalikuwa madumu manne. Matatu yangeweza kuwa ya mtu yeyote. La nne lilikuwa la njano, limefungwa kitambaa chekundu mpinini mahali plastiki ilipokatika. Kitambaa hicho alikifunga yeye mwenyewe, jikoni kwa mdogo wake, kwa kipande alichokiiba kwenye cherehani ya mumewe.

Mlinzi wa dampo alikuwa shemeji yake. Kazi hiyo alimtafutia yeye.

Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa kofia. Shemeji alikuwa mtu mkubwa, mkarimu, ambaye ukimwuliza njia anakusindikiza mpaka unapokwenda, hata kama yeye mwenyewe hapajui.

"Shemeji! Umepona! Mguu huo umetulia au bado unauma?"

"Unauma. Nani anamwagilia kisima changu?"

Kofia ilisimama hewani. "Kisima?"

"Namba nne. Kina nyasi kama bustani ya bi harusi."

"Aah, hicho! Mimi." Alitabasamu kama mtu anayesubiri asante. "Yule kijana wako wa viatu vyeupe alikuja mwezi wa kwanza, akateremsha kikopo chake. Kamba haifiki maji. Kiangazi hiki maji yamekwenda chini. Akasema, mzee, hapa hakuna kitu, itabidi niandike kisima kimekauka, kazi irudiwe. Nikamwonea huruma."

"Ukafanya nini?"

"Nikampandishia maji. Madumu manne. Kamba ikafika."

Mama Pua alifumba macho. "Ulijaza kisima ili kitoshe kamba."

"Ndiyo."

"Kwa nini usimtafutie kamba ndefu?"

"Kamba ndefu ningeipata wapi, shemeji? Maji yalikuwa karibu."

"Na yeye alikuona?"

Shemeji alifikiri kwa uaminifu. "Alikuwa anatazama simu. Alitazama simu kwa bidii sana. Na miezi iliyofuata alikuja saa hiyohiyo, akaniuliza tu: mzee, leo kamba itafika? Nikamwambia itafika."

"Na leo?"

"Leo nimeshajaza. Kesho kuna wageni."

Alimweleza basi, polepole, neno kwa neno, kwamba Mwenyekiti kesho atakunywa maji ya bomba na kutia sahihi kwamba dampo limetulia. Kwamba pampu itang'olewa. Kwamba mchuzi, usipofyonzwa, utajaa ndani ya sufuria mpaka upate ufa, na ufa uko upande wa chini.

"Na chini kuna nani, shemeji?"

Yule mtu mkubwa alitazama ng'ambo ya waya. Kanga za mkewe zilikuwa zimeanikwa. Kofia ilianguka.

Mama Pua alimpigia simu Mtaalamu. Alitaka kumsikia kwa sikio lake.

"Kijana, ulikikausha kisima mara tatu kabla ya kuchukua sampuli?" Maana hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi. Maji yaliyosimama ndani ya bomba husema uongo. Unayatoa yote, unaacha mengine yaingie kutoka ardhini, unayatoa tena, mara tatu. Yanayokuja baada ya hapo ndiyo mashahidi.

"Mama, sisi tunatumia mbinu za kisasa."

"Mbinu ya kisasa ina kamba ya mita ngapi?"

Simu ilikatika. Mtandao, bila shaka, huwa mbaya sana kwenye maswali.

Angeweza kukichota kisima siku ileile peke yake. Lakini alijijua, na aliwajua wenzake: yeye angekuwa wa kwanza kumshuku mtu aliyechota peke yake. Wachote wakiona. Kabla ya hapo palikuwa na mlango mmoja wa kubisha.

Mdogo wake alikuwa anafua uani. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa. Aliposikia neno "mlinzi" akalikamua shati mpaka likalia.

"Kwa hiyo unataka mume wangu afukuzwe."

"Nataka wanao wasinywe mchuzi."

"Tangu utotoni wewe ni hivyohivyo. Maziwa ya mama uliyanusa. Zawadi za harusi yangu ulizihesabu mlangoni. Sasa umefika kwa mume wangu." Alitupa shati kwenye beseni. "Ukimtia kwenye makaratasi yako, usikanyage hapa. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya hizi nguo."

Mama Pua alikuwa anatazama beseni. "Povu liko wapi?"

"Nini?"

"Umetia sabuni mche mzima. Povu liko wapi?"

"Siku hizi sabuni ni mbovu," alisema mdogo wake, "haitoi..." Dada wawili wakalitazama beseni, kisha wakakitazama kisima. Mama Pua alitoa chupa mkobani. Mdogo wake akaichukua, akaijaza mwenyewe, akamrudishia bila kumtazama usoni.

Ijumaa paliwekwa hema, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichozomea kila aliyekikaribia. Mwenyekiti alifika amevaa suti ya rangi ya chemchemi. Glasi ilikuwa kwenye sinia, imefunikwa kitambaa, kama mgonjwa. Mtaalamu alikuwapo na viatu vyake. Injinia alikaa pembeni, amekumbatia michoro yake, na uso wa mtu aliyekula sambusa anayoijutia.

Baada ya hotuba mbili, Mtaalamu alisogea na kikopo na kamba yake. Mama Pua akasimama.

"Mheshimiwa, na mimi nitakunywa pamoja nawe. Glasi mbili."

Makofi. Mwenyekiti akafurahi. "Huyu ndiye mama yetu!"

"Ila mchoro unasema kisima kinakaushwa mara tatu kwanza. Ni ukurasa wa ngapi, Injinia?"

Injinia aliinua macho. Wangeweza wote wawili kunyamaza, na yeye alikwisha kunyamaza mara moja. "Ukurasa wa thelathini na moja," alisema. "Mara tatu. Ni lazima."

"Jua kali," alisema Mtaalamu. "Kamera zinasubiri."

"Kamera hazina kiu," alisema Mama Pua. "Shemeji, njoo na kamba yangu. Ile ndefu."

Shemeji alikuja akitembea kama mtu anayepelekwa kwa mganga wa meno. Aliteremsha, akavuta, akamimina kwenye ndoo nyeupe. Ndoo za raundi ya kwanza zilikuwa kama machozi ya malaika. Mwenyekiti akaitazama kamera, akatabasamu.

Wakasubiri maji yapande. Kipaza sauti kikazomea. Raundi ya pili ilikuja na rangi, kama chai ya mtu anayebana majani. Watu wakaanza kuinuka vitini wapate kuona. Mwenyekiti aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, mwenyewe ameondoka.

Raundi ya tatu haikuhitaji kuonwa. Harufu ilitangulia. Mpiga picha alirudi nyuma hatua tatu, akaangusha mguu wa kamera. Ndani ya ndoo nyeupe palikuwa na kitu cheusi chenye utando wa rangi za upinde wa mvua.

Mama Pua alichota glasi mbili. Akainua ya kwake, akainusa kwa utulivu, akampa Mwenyekiti ya pili.

"Karibu, mheshimiwa. Wewe ndiye mgeni rasmi."

Hakuna aliyecheka, ndipo ilipojulikana kuwa jambo ni zito.

"Nani amefanya hivi?" alifoka Mwenyekiti. "Jana maji yalikuwa safi! Nani ametia uchafu humu?"

Macho yote yalimgeukia Mama Pua, na yeye akamgeukia shemeji. Yule mtu mkubwa alikuwa bado ameshika kamba. Mkewe alikuwa amesimama ng'ambo ya waya na beseni kiunoni. Alimtazama mumewe, kisha akatikisa kichwa mara moja, kuelekea kipaza sauti.

"Uchafu ni wa kisima chenyewe," shemeji alisema, na kwa mara ya kwanza kipaza sauti hakikuzomea. "Mimi ndiye niliyetia usafi. Madumu manne kila mwezi. Kamba ya huyu bwana ilikuwa fupi."

Cheti hakikusainiwa. Mtaalamu aliondoka kabla ya soda, viatu vikiwa na tope la kijani. Injinia alikunjua mchoro juu ya boneti ya gari, akakata neno "miezi" kwa kalamu nyekundu, akaandika "miaka", na chini yake akachora mtaro wa kukinga mchuzi kando ya ua. Mama Pua aliunusa wino, akaridhika. Pampu ilibaki. Chemchemi ya Mwenyekiti iko mpaka leo, kavu, nzuri kwa kunguru kupumzikia.

Kuhusu shemeji, halmashauri ilikaa vikao viwili. Cha kwanza kilitaka afukuzwe. Cha pili kikauliza nani mwingine ana mikono ya kukausha visima vinne mara tatu kila mwezi, na hakuna aliyeinua wake. Akapewa onyo la maandishi na kamba ya mita ishirini.

Majibu ya chupa ya mdogo wake yalitoka Jumatatu. Miaka yote chumvi ya kisima kile ilikuwa arobaini, sawa na namba moja. Sasa ilikuwa hamsini na tatu. Mchuzi haujafika, lakini umeshafunga safari.

Siku hiyohiyo mfuniko wa kisima cha uani ulipigwa misumari. Tangu hapo kila asubuhi shemeji anakinga maji kwenye bomba la kibandani, kwa ruhusa ya maandishi, anapakia madumu manne kwenye toroli na kuteremka nayo kwake. Lile la njano lenye kitambaa chekundu linakaa mbele. Anapita namba nne bila kusimama, na zile nyasi za kijani zimeshakauka.

Mama Pua humtazama dirishani mwa ofisi. Huyahesabu madumu yakitoka langoni: manne. Kisha huchukua fimbo yake, huteremka taratibu hadi kwa mdogo wake, na kuyahesabu tena jikoni.

"Manne," husema mdogo wake bila kugeuka, mikono kwenye povu. "Keti basi, dada. Au kiti nacho tukipeleke maabara?"